Kumfuata Neli Ndotoni

Jumanne, 7 Mei 1912

Siku kumi na sita tangu tufunge ndoa. Neli wangu! Asubuhi alipuliza moto, majivu yakamrukia kwenye nyusi, akacheka peke yake. Wenzangu wameoa wanawake. Mimi nimeoa kicheko.

Kuna tatizo dogo tu. Naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Neli huota. Si kama watu wengine, kipande cha mbuzi hapa, kipande cha shangazi pale. Yeye huota kwa mpangilio, mwanzo hadi mwisho, na kila usiku mimi nimo. Wiki iliyopita alinisimulia kwamba tulitembea juu ya ziwa kutoka Matema hadi kwao Ikombe, yeye na chungu kichwani, mimi na Biblia kwapani, wala hatukulowa. Akaniuliza kama na mimi nimeota. Alikuwa ameinama karibu sana. Ananukia udongo wa kufinyangia na moshi wa asubuhi. Nikasema ndiyo, hivyo hivyo, hata Biblia niliiona.

Uongo. Sijaota tangu nizaliwe. Nalala fofofo, kama jiwe chini ya mto Mbaka.

Tangu siku ile imekuwa desturi. Yeye anasimulia, mimi naitikia: naam, naam, hata mimi! Asubuhi nane mfululizo. Leo akasema nianze mimi. Nikakohoa mpaka uji ukapoa.

Hapo akapata wazo. Usiku wa Jumamosi, ndani ya ndoto, ataninong'oneza jina alilomchagulia mtoto wetu wa kwanza, atakapokuja. Hajamwambia mtu, hata mama yake mzazi. Jumapili, kabla ya kengele ya kanisa, nimrudishie jina hilo sikioni. Macho yalimwaka! Nikasema nangoja kwa hamu.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi nitakuwa na jina, au Neli atajua kwamba mumewe aliifungua ndoa kwa uongo, akaendelea kuula kila siku pamoja na uji.

Siku tano. Nimesoma misheni miaka sita. Nahesabu Kijerumani hadi elfu bila kupumzika. Kuota kutanishinda?

Jumatano, 8 Mei

Nimemwendea Aliko, mpasua mbao wa misheni. Kuanzia Ipinda hadi Ndandalo watu wanaujua usingizi wake. Hulala amesimama, mikono kwenye msumeno. Tena hutangaza kwamba akilala huota anachotaka. Akitaka nyama, anaota nyama. Na anajua kabisa kwamba anaota, kwa hiyo hula bila kumgawia mtu.

Sikumwambia sababu. Nilisema ni utafiti wa elimu. Aliko alinitazama, akasema elimu hiyo anaijua, imetoka Ikombe na imejitanda khanga mpya.

Ujira wake ni huu: kwa kila fundisho nishuke katika shimo la kupasulia mbao, nivute msumeno kutoka chini, maana mwenzake ana homa. Apasuaye juu anaona mbingu. Apasuaye chini anakula unga wa mbao. Nimekula wa kutosha. Macho yangu ni mekundu kama ya kambale.

Fundisho la kwanza. Lala chali. Mikono ubavuni. Usigeuke, usijikune, usimfukuze mbu. Mwili uudanganye kwamba umekwisha lala, wewe ubaki macho ndani yake ukisema moyoni: naota, najua kwamba naota. Ukivumilia, utaingia ndotoni kwa miguu yako mwenyewe, kama mtu anayeingia kwake.

Rahisi! Leo leo nitamkuta Neli juu ya maji.

Alhamisi, 9 Mei

Mbu hawakuambiwa habari za fundisho. Wa kwanza alitua puani. Sikumfukuza. Akaenda kuuita ukoo. Nilisema moyoni naota, naota, mara mia mbili na kumi. Kisha giza. Kisha jogoo wa Lameck.

Neli aliuona uso wangu akashtuka. Akaniuliza kama nilivumilia yote yale ili nisimwamshe kwa kujigeuzageuza. Nikasema ndiyo. Akanipaka mafuta uso mzima kwa kidole kimoja, polepole, paji, shavu, kidevu. Nani angekanusha?

Lazima nieleze Lameck ni nani. Ni jirani, ni rika langu, tulibatizwa siku moja. Anapiga tarumbeta kanisani, na anaamini malaika watamsubiri yeye ndipo waanze. Leo alinisalimia kwa sauti ya kufika mtoni. "Mugonile, Bwana Ndoto?" Mugonile, yaani mmelalaje. Salamu tu ya kwetu, kila mtu huitumia kila asubuhi, na wiki hii kila anayeitumia ananichoma mwiba. Kumbe Neli amemsimulia mke wake mtoni, kwa furaha, maskini wangu, kwamba sisi wawili hukutana usingizini. Lameck akasema yeye na mkewe hukutana jikoni, na hawajaona upungufu.

Kisha akanipa ushauri wa kindugu. Anayetaka kuota sana ale maharagwe ya jana, baridi, bakuli zima, alale papo hapo. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, lakini mtu aliyesoma haongozwi na maharagwe.

Nimekula mabakuli mawili.

Ijumaa, 10 Mei

Sitaandika juu ya maharagwe. Neli alihamishia mkeka karibu na mlango. Alisema anapenda hewa.

Hakuna ndoto. Nimeshuka shimoni mara mbili, nikapata mafundisho mawili.

Fundisho la pili. Mtu hufanya usiku alichozoea mchana. Kwa hiyo mchana kutwa nijiulize: je, naota? Kisha nihesabu vidole. Ndotoni vidole havitulii, vinafika kumi na kimoja, hata kumi na viwili. Nikiuzoea mchezo huu nikiwa macho, nitaucheza na usingizini, na hapo nitagundua niko wapi.

Nilianza darasani. Nilisimama mbele ya watoto arobaini, nikainua mikono, nikauliza kwa sauti bila kukusudia: "Je, naota?" Wakaitikia wote pamoja: "Hapana, Mwalimu!" Nikauliza tena baada ya kujumlisha. Wakaitikia tena, safari hii kwa wimbo. Mchungaji alichungulia dirishani, akataka kujua ni somo gani. Nikasema vidole. Akasimama kidogo, akaenda zake.

Fundisho la tatu. Amka jogoo wa kwanza anapowika, ukae kitako kidogo, kisha urudi kulala. Ndoto za saa hizo ni nene kama maziwa ya mgando, hata mjinga huzipata.

Neli ameniuliza kwa nini natazama mikono yangu kila mara. Nikasema nashangaa kwamba mikono ya kawaida kama hii imepata kumshika yeye. Akaangalia pembeni, akakitabasamia chungu. Hilo la mwisho halikuwa uongo. Lilikuwa la kweli, limetumika mahali pa uongo tu.

Jumamosi, 11 Mei, asubuhi

Nilimtii jogoo. Nikaamka, nikakaa kitako kizingitini. Nikalala hapo hapo. Neli akatoka na mtungi kwenda mtoni, akanikanyaga, mtungi ukaanguka. Ndio ule alioufinyanga mwenyewe kwa ajili ya arusi yetu. Vipande saba.

Hakunikaripia. Aliokota vipande, akasema udongo upo, kaka yake ameleta jana kwa mtumbwi kutoka Ikombe, lundo zima liko nyuma ya nyumba, limekwisha kulowekwa. Kisha akanikumbusha kwa kunong'ona: leo ndiyo leo. Jina liko tayari. Ni zuri mno, amesema, analala nalo chini ya ulimi.

Naogopa sasa. Naogopa kweli. Nilifikiri naogopa aibu. Siyo. Naogopa sura atakayoifanya.

Nimekimbilia shimoni kabla ya jua kupanda. Fundisho la nne, la mwisho. Aliko anasema kila mtu ana jambo moja lisilowezekana katika maisha yake. Lake ni mama mkwe wake kumsifu. Ukiliona jambo lako, usihangaike na vidole: uko ndotoni. Amri zote ni zako. Utapaa ukitaka. Huumii hata ukianguka.

Langu nililijua palepale. Neli na Baba.

Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, halitaji jina lake, akimsikia njiani anaiacha njia. Neli ni hodari wa heshima hiyo. Juzi alisikia kikohozi cha Baba, akaingia ndani ya jaruba la mpunga na ndoo kichwani, bila kumwaga tone. Baba anaitwa Lutengano, maana yake amani. Basi hata kanisani, wimbo ukifika penye amani, Neli anafumba mdomo, neno likipita anaendelea. Baba naye humwonea huruma, hukohoa tangu mbali ili ampe nafasi. Anakohoa sana siku hizi hata Mama anamchemshia dawa.

Nikiwaona wale wawili uso kwa uso, nitajua. Sasa nakwenda kwenye kibanda cha kulindia ndege shambani. Nitalala mchana wote. Kama ni kufuma jina, heri nilifume mapema.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Naandika nimekaa, mguu umefungwa majani ya mgomba.

Nililala kibandani, chali, mikono ubavuni. Ndege walikula mpunga kwa amani yao. Baadaye nikainuka, au niliona kama nimeinuka, nikatembea hadi nyumbani. Jua kali. Kila kitu kinang'aa. Nikapinda kona ya migomba.

Baba na Neli. Mkeka mmoja! Neli anampa Baba kikombe cha togwa kwa mikono miwili, anamtazama usoni, Baba anamuuliza kama udongo wa Ikombe hauna mchanga mwingi, na yeye anajibu. Kwa mdomo! Lameck naye alikuwepo, amekuja kurudisha jembe letu, ambalo hajawahi kulirudisha tangu aliazime. Ushahidi juu ya ushahidi.

Hata hivyo nilihesabu vidole. Kumi na kimoja. (Sasa hivi nimehesabu tena. Nadhani dole gumba la kushoto lilipita mara mbili.)

Furaha niliyoipata! Nilicheka kwa sauti. Wakageuka. Nikamsalimu Baba bila kuinama, nikamwambia kwa kuwa tuko huku, afadhali ajue kwamba sauti yake ya nne kanisani inatisha watoto. Nikamgeukia Lameck, nikamwamuru awe chura. Akaniuliza kama aweke jembe chini kwanza. Nikasema haraka, uwe chura. Mara tatu nilimwamuru.

Kisha nikapanda juu ya kihenge cha mpunga. Nikamnyoshea Neli mkono, nikamwambia aje tupae hadi Ikombe, ziwa lile pale, mbingu ni yetu. Yeye alisimama, kiganja mdomoni. Nikamwambia: "Neli wangu, nipe jina sasa hivi, tusingoje usiku. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukuota. Zile asubuhi zote nilikuwa naitikia tu. Sijawahi kuona hata kivuli chako." Nilisema kwa upole wote wa moyo wangu. Niliona ndotoni ukweli hauna uzito.

Nikaruka.

Nilikwenda chini. Moja kwa moja ndani ya lundo la udongo, hadi mapajani, na kifundo cha mguu kikalia ko! Maumivu makubwa. Nikakumbuka kwamba ndotoni hakuna kuumia. Nikabaki pale pale nimesimikwa, nikilitafakari jambo hilo.

Baba ndiye aliyekohoa. Akaeleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Kesho ni Meza ya Bwana, ya kwanza kwa Neli akiwa kwetu. Amefikiri wiki nzima atakulaje mkate mmoja na mtoto anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Wazee wa kanisa wamemshauri. Basi leo amemwita mwenyewe, akamwambia ainue uso, katika nyumba hii mambo ya kukimbilia majarubani yamekwisha. Alitaka na mimi niwepo, lakini nilikuwa nimelala.

Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, sauti ya nne ina kasoro gani hasa.

Neli aliingia ndani. Alifunga mlango polepole. Bora angeubamiza.

Jumapili, 12 Mei

Kengele ililia. Sikuwa na jina la kumnong'oneza, wala hapakuwa na sikio. Alikwisha tangulia na Mama.

Nilikwenda kwa fimbo. Nilikaa upande wa wanaume, nikamtazama yeye ng'ambo. Wimbo ulipofika penye amani, hakufumba mdomo. Alikuwa hajawahi kuliimba neno lile tangu aje kwetu. Alilitoa lote, jembamba, likapanda juu ya wote, hata juu ya tarumbeta. Nililia. Lameck alifikiri nalilia upigaji wake, akaongeza.

Baba hakuimba. Alichezesha midomo tu. Hilo nalo limeniingia.

Leo Neli amesema nami mara mbili. Mara ya kwanza: chumvi. Mara ya pili: sogea.

Jumatatu, 13 Mei

Baada ya shule nilimkuta nyuma ya nyumba anaukanda upya udongo. Alama za miguu yangu bado zilikuwepo, mashimo mawili mazuri. Nikakaa upande wa pili, nikaanza kuokota vijiwe na majani. 

Yeye ndiye aliyeanza kusema. Alisema kutoota si kosa. Baba yake hakuota hata siku moja na alikuwa mtu mwema, hodari wa nyavu. Kinachomuuma ni asubuhi. Kila akiamka alikuwa anauacha moto, anakimbia kunisimulia kabla ndoto haijayeyuka, akijua kule tulikuwa wawili. Kumbe alikuwa peke yake. Na amekwisha mpelekea mama yake habari, kwa mtumbwi wa kaka yake, kwamba Mungu amempa mume wa usiku na mchana.

Nikasema lililokuwepo: kwamba mimi nikilala ni giza tupu, na yale anayonisimulia asubuhi ndiyo ndoto pekee niliyonayo. Bila yeye sina hata moja. Nilishangaa kuona halikuwa gumu kulisema. Lilikuwa limekaa hapo siku zote.

Aliendelea kukanda. Kisha akasema anataka ahadi moja, si mbili. Nikiwa sikuona, niseme sikuona. Nikaapa, mkono wa udongo juu.

Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama nilimwona Lameck. Nikasema sikuona, nilikuwa nimekwisha geukia kihenge. Akasema yeye alimwona vizuri. Mara ya tatu nilipoamuru, Lameck alikunja magoti. "Alikuwa anajaribu, mume wangu! Aliogopa, akajaribu!" Akacheka hadi akakaa ndani ya udongo. Nikacheka na mimi. Baba akachungulia, akaona tumechafuka wote wawili, akakohoa kwa mazoea, akarudi.

Jioni nilikwenda kwake nikamwomba radhi, nikamsihi aimbe. Alisema atafikiri. Sasa hivi namsikia huko anajaribu taratibu. Watoto wa jirani wameingia ndani.

Jina sikulipata. Neli anasema sasa atalihifadhi, mtoto mwenyewe alisikie kwanza. Ni haki.

Jumatano, 15 Mei

Mimi ni mtu mwingine! Siku mbili nzima za ukweli. Jana Neli aliota kiboko aliyevaa kofia ya Mchungaji, akaniuliza kwa jicho la pembeni. Nikasema sikuona. Akanishika mkono. Leo aliota tunavuna mpunga mwekundu, nikasema sikuona. Akanishika mikono yote miwili. Kumbe ukweli ni kitu chepesi hivi! Nimemshauri Lameck aujaribu. Akaniambia nikachezee mbali.

Mchana nilimsindikiza Neli hadi ziwani. Kaka yake alikuja na mtumbwi, Neli anakwenda Ikombe kumsaidia mama yake kuchoma vyungu, arudi Jumapili. Siku nne! Tulisimama kwenye mchanga. Nyuma yake ziwa limetulia, milima ya Ukinga yote imesimama kumtazama, na mimi pamoja nayo.

Akasema nisidhani atakuwa mbali kweli. Mtu akimkumbuka kwa nguvu, yeye huwashwa unyayo wa kushoto. Ndivyo alivyo tangu utotoni.

Hakuniuliza kitu. Namtetea hapa. Hakuniuliza hata kidogo. Alisema tu, akaniangalia, na upepo ukaugusa ukosi wa nguo yake.

Nikasema wangu pia.

Neli akaacha kupanda mtumbwi. Kweli? Nikasema kweli tupu, wa kushoto, tena hasa mtu akiwa mbali. Ahadi yetu nimeipima vizuri wakati narudi: ilihusu kuona. Nyayo hazioni.

Alifurahi, siwezi kuandika jinsi alivyofurahi! Basi tumepatana. Ijumaa atanikumbuka mara moja tu, kwa nguvu zake zote, wakati atakaouchagua mwenyewe. Atachora mahali jua lilipo kwenye chungu kibichi, kisha akichome. Jumapili ataniletea chungu, nami nitamwambia jua lilikuwa wapi unyayo uliponiwasha.

Tangu nirudi nimevua kiatu, nimeuweka mguu wa kushoto juu ya kigoda, nausikiliza. Bado kimya. Lakini leo ni Jumatano tu, na mguu wenyewe ni mgeni katika kazi hii.